Rock Lee alishindwa: BD zinatufundisha nini juu ya kujiamini?



Kila siku mu simu zetu inapita picha ya shujaa fulani wa BD, na chini yake maneno mawili: "Jiamini tu." Mara ni Naruto, mara ni Spider-Man. Watu wanaipenda, wanaitumia wenzao, kisha kila mutu anarudia mahangaiko yake. Mimi ninazipenda hizo BD, na ni juu ya ile ninataka kuzitetea. Ukifungua vitabu vyenyewe, hazisemi hivyo. Zinasema kitu kigumu zaidi, na chenye faida zaidi kwa mutu ambaye diploma yake iko mu bahasha na amesha depoza dosye mara ishirini bila jibu.

Tuanze na Naruto, kazi ya Masashi Kishimoto, iliyotoka kule Japani tangu 1999 mpaka 2014, vitabu 72. Naruto anaingia mu hadithi akiwa ameanguka mtihani wa kumaliza shule mara tatu. Mtihani ni wa kujifanya watu wengi, na ndiyo mbinu iliyomshinda kuliko zote. Kijiji kinamwepuka. Nani anamtoa pale? Ni mwalimu wake, Iruka. Silaha inamwendea kijana, mwalimu anaipokea kwa mgongo wake mwenyewe. Halafu Naruto, amejificha nyuma ya mti, anamsikia mwalimu akimtetea mbele ya adui: huyu ni mwanafunzi mwenye bidii, ninamtambua. Mbinu iliyomwangusha inakuwa silaha yake siku ile ile.

Tuangalie vizuri mpangilio wa ile sura. Kwanza mutu mmoja anamwona. Kujiamini kunakuja nyuma. Wale wanaotuma picha ya Naruto na neno "jiamini" wamemkata Iruka mu picha.

Sasa tuje kwa Rock Lee, ambaye kwangu ndiye mutu mkubwa wa kitabu kile. Lee hawezi kufanya uchawi wowote wa kininja. Wenzake wanamcheka. Mwalimu wake, Gai, hamwambii uongo kwamba siku moja ataweza. Anamwelekeza kwa kitu kimoja kinachobaki: mikono na miguu. Lee anafanya mazoezi akiwa amefunga vyuma vizito miguuni. Hapa kuna jambo ambalo watu wengi wanapita bila kuliona: shaka ya Lee ilikuwa na ukweli ndani. Kweli hakuwa na kile kipawa. Hakuishinda ile shaka kwa kuikana. Aliisikiliza mahali iliposema kweli, akaikatalia pale ilipoanza kusema: "Basi wewe si kitu."

Na bado anashindwa. Siku ya kupigana na Gaara anatoa vyuma, anajitolea mwili wake wote, na mwisho mchanga wa Gaara unamvunja mkono na mguu. Baadaye munganga anasema kazi ya ninja imekwisha kwake. Anapatikana munganga mwingine mkubwa zaidi, Tsunade, lakini hata yeye anasema upasuaji una bahati nusu kwa nusu, na anaweza kufa. Lee analia. Kishimoto hakuficha yale machozi. Gai anakaa karibu naye na kumwambia kwamba mambo yakiharibika, atakufa pamoja naye. Ndipo Lee anakubali kupasuliwa.

Juu ya nini ninasema hii ni bora kuliko picha za "jiamini"? Juu inatuambia kwamba unaweza kufanya kila kitu vizuri na ukashindwa, na kule kushindwa hakuwezi kuwa ushahidi kwamba hukufanya bidii. Kijana aliyemaliza chuo, mwenye memwari nzuri, anayekosa kazi mbele ya tangazo linaloomba uzoefu wa miaka mitano, anahitaji kusikia hilo. Ukimwambia tu "hukujiamini", unamwongezea mzigo juu ya mzigo.

Lakini hapa Kishimoto naye anatuangusha kidogo. Mu mapigano ya Naruto na Neji, Neji anaamini kwamba maisha ya mutu yameandikwa tangu kuzaliwa. Naruto anamshinda, na anamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alianguka mtihani mara tatu. Nzuri sana. Kisha, vitabu vingi mbele, tunajua kwamba baba ya Naruto alikuwa mkubwa wa kijiji, Hokage wa nne. Lo! Kumbe yule mtoto wa chini alikuwa mtoto wa chef. Huku kwetu tunajua kusema: "Ule iko na mutu." Hoja nzuri aliyompa Neji inapoteza nguvu, juu damu imekuja kumaliza kile bidii ilichoanza. Ndiyo maana ninasema somo la kweli limebaki kwa Lee. Yeye hapewi ukoo mkubwa wa kumwokoa.

Spider-Man naye anatuonyesha upande mwingine. Mu namba 33 ya mwaka 1966, iliyoandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Steve Ditko, Peter Parker amelaliwa na mashine kubwa ya chuma, maji yanaingia, na dawa ya shangazi yake May iko pale chini, mbele ya macho, hawezi kuifikia. Anajaribu, anashindwa, anakata tamaa. Kinachomwinua ni kufikiri mama mzee aliye hospitali, na mjomba Ben ambaye alikufa. Hapigi hesabu kama yeye ni mkubwa ao mdogo. Ditko anaipanua michoro polepole, mpaka ukurasa mzima unajaa siku chuma kinapoinuka. Mutu anayejiuliza "mimi ni nani?" saa zote hapati jibu. Mutu anayejiuliza "nani anangoja hii dawa?" anapata mahali pa kushika.

Wadada wataniuliza: mbona vijana wanaume tu? Basi tusome Aya de Yopougon, ya Marguerite Abouet na Clément Oubrerie, kitabu cha kwanza 2005. Tuko Abidjan, mwisho wa miaka ya 1970. Aya anataka kuwa munganga. Yeye hana shaka. Wenye shaka ni wengine: baba anatamani kumkutanisha na mtoto wa patron wake, na baadaye, ku chuo, profesa anatumia pointi kumtafuta kimapenzi. Abouet anatukumbusha kitu ambacho Naruto hakionyeshi: mara nyingi kile tunachoita "kukosa kujiamini" kwa musichana ni woga wa haki mbele ya mutu mwenye nguvu. Kumwambia ajiamini haitoshi. Yule profesa ndiye anapaswa kuulizwa.

Na kama kuna mutu anafikiri kwamba mutu bora ni yule asiye na shaka hata moja, afungue tena Tintin au Congo. Hergé aliichora mwanzoni mwa miaka ya 1930, bila kukanyaga inchi yetu. Tintin anafika kwetu, anafundisha, anaamua, anaheshimiwa kama mungu, na hakuna hata ukurasa mmoja anapojiuliza kama anakosea. Kujiamini kwa namna ile, sisi ndio tulikulipia. Shaka kidogo ingemfaa yeye na mchoraji wake.

Kwa hiyo ninapendekeza vitabu hivi kwa wanachama wetu, na zaidi ya vyote sura za Rock Lee, tangu mapigano na Gaara mpaka upasuaji. Lakini visomwe vizima. Na siku mwenzako wa promosyo atakuandikia usiku "siwezi tena", usimtumie picha ya Naruto. Fanya kazi ya Iruka: soma naye barua yake ya kuomba kazi, mstari kwa mstari, na umsindikize kwenda kudepoza.