Mwongozo wa kiufundi nao uhakikiwe: kisa cha disketi ya kuokolea

Wahakiki wetu wamezoea riwaya, tamthilia na mashairi. Leo, mpenzi msomaji, nauhakiki mwongozo wa kurasa nne tu, wa kutengeneza disketi ya kuokolea kompyuta inayotumia mfumo wa Linux. Uliandikwa kwa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika idara moja nisiyoitaja, kwa nia njema kabisa. Ukaleta hasara.

Kwanza tuelewane kuhusu kifaa chenyewe. Kompyuta yaweza kuwaka, taa zikamulika na feni ikavuma, lakini mfumo ukakataa kupanda kwa sababu faili muhimu zimeharibika. Hapo fundi huingiza disketi yenye Linux ndogo, mashine ikaamka kutokana na disketi hiyo, kisha akaikagua na kuirekebisha diski ya ndani.

Shida ni nafasi. Disketi ya kawaida hubeba kilobaiti 1,440. Tom Oehser, katika tomsrtbt yake, aliifomati kwa namna isiyo ya kawaida hadi ikabeba 1,722. Bruce Perens naye aliianzisha BusyBox kwa ajili ya disketi za Debian: programu moja inayofanya kazi za amri nyingi. Kila fundi basi huishonea disketi mashine yake. Huchagua kiini kinachovitambua vifaa vyake, huongeza amri anazozihitaji, hutupa nyingine, na mwisho huandika ujumbe utakaotokea kwenye skrini.

Mwongozo ninaouhakiki ulieleza hayo vizuri mpaka ukurasa wa tatu. Hapo ulimwagiza msomaji "aandae diski".

"Andaa" ni kitenzi kitamu. Twaandaa meza, chakula, hata hotuba. Ni nani aandaaye kitu akakifuta? Lakini amri iliyokusudiwa, mke2fs, huunda mfumo mpya wa faili, na vilivyokuwemo vikapotea. Tena, diski ipi? Linux ya siku hizo iliiita disketi /dev/fd0, na diski za ndani /dev/hda na /dev/hdb. Mwongozo uliziita zote "diski".

Karani mmoja akatii. Aliiandaa diski ya pili ya ndani, iliyohifadhi alama za wanafunzi za muhula mzima. Programu ilimuuliza kwa Kiingereza kama kweli ana hakika, akajibu ndiyo. Bahati nzuri karatasi zilikuwepo, tukakaa siku tatu tukiziingiza alama upya. "Prof, mimi nilifuata Kiswahili," aliniambia. Sikuwa na jibu.

Kuna watakaosema ati tatizo ni uhaba wa istilahi. Sikubaliani nao. Tunazo tarakilishi, kipakatalishi, wavuti na barua pepe. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Ila hebu itazame orodha hiyo yangu ya istilahi: zote ni nomino. Anayeokoa mashine anahitaji vitenzi, na vitenzi ndivyo vilivyopwaya katika mwongozo ule.

Ajabu ni kwamba lugha yenyewe ina zana. Mwongozo ulisema "diski ya uokoaji". Kauli ya kutendea ingetupa "disketi ya kuokolea", na mara moja msomaji angejua kuwa hicho ni kifaa cha kufanyia kazi. Mwongozo pia ulitumia "kuwasha" kwa mambo mawili: kuitia mashine stima, na kuupandisha mfumo. Mbona tusitenganishe? Mashine imewaka lakini haijaamka; iamshe kwa disketi. Mtoto wa darasa la nne angeelewa.

Wala tusisingizie nafasi. SYSLINUX, programu inayoanzisha disketi nyingi za namna hii, huusoma ujumbe wake kutoka faili ya maandishi ya kawaida, na kurasa nyingine za msaada zaweza kufungwa kwenye vitufe kuanzia F1. Skrini nzima ni mistari 25 ya herufi 80, yaani kama kilobaiti mbili hivi. Kiswahili hakidai fonti ya ziada: herufi zetu zote zimo katika zile za msingi za kompyuta, na ng' inataka kibainishi tu.

Ningeuandika upya ukurasa wa tatu hivi: "Ingiza disketi tupu. Fomati disketi, yaani /dev/fd0. Kila kilichomo ndani yake kitafutika. Usiguse /dev/hda wala /dev/hdb." Sentensi nne fupi. "Fomati" ni neno la mkopo, najua, na wapo watakaonuna. Afadhali mkopo unaoeleweka kuliko neno la nyumbani linalopotosha.

Disketi zimetuaga na sasa tunatumia flashi, lakini hatari ni ile ile. Kwa hiyo nawaomba wanaotafsiri miongozo: kabla ya kuchapisha, mpeni karani asiyejua lolote kuhusu jambo hilo, mumwache na mashine isiyo na kitu cha thamani, nanyi mkae kando kimya. Pale atakaposita, au atakapokosea bila kusita, rudini mkakisahihishe kitenzi.