Fokasa ndiyo iliyoiponza Galileoscope

Lenzi ya Galileoscope haina lawama: vioo viwili vilivyounganishwa, upana milimita 50, urefu wa fokasi milimita 500. Miezi minne mikubwa ya Mshtarii inaonekana, pete za Zohali zinaonekana, na bei ya mwanzo ilikuwa dola 15. Kwa kazi hiyo, waliobuni darubini hii kwa ajili ya Mwaka wa Kimataifa wa Astronomia, 2009, wapewe heko yao.

Fokasa, yaani sehemu ya kusogeza lenzi ya jicho ili picha iwe wazi, wakaiharibu. Badala ya kifundo cha kuzungusha, waliweka bomba la kuvuta na kusukuma kwa vidole. Kwa f/10, yaani 500 kugawanya kwa 50, nafasi ya kukosea katika kusogeza bomba ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, mbele au nyuma. Sasa mwanafunzi wa Kibua, kule Walikale, mashariki mwa Kongo, alishike bomba lililokwama. Anavuta, haliendi. Anaongeza nguvu, linaruka milimita mbili kwa mkupuo, na Mshtarii keshatoka machoni. Tena Kibua iko karibu na ikweta, sayari hupanda hadi utosini. Darubini ikielekezwa juu, bomba linaning'inia, na lenzi nzito ya jicho inalivuta chini.

Watetezi husema Galileo naye alivuta kwa mkono mwaka 1609. Mbona basi hawakumwiga kwenye lenzi yake ya kioo kimoja?

Waliobuni Galileoscope wakaongeza lenzi ya Barlow ya kufikisha ukuzaji mara 50, ambapo mguso mdogo tu wa kidole unaitikisa sayari nzima. Safu hii haichoki kulisema: watengenezaji hupenda kugharamia ukuzaji, kile kinachoshikwa na mkono kikabaki yatima. John Wall wa Crayford, Uingereza, alikuwa ameshalimaliza tatizo hili la fokasa takriban miaka 40 kabla. Fokasa yake haina jino hata moja. Bomba linateleza juu ya vibiringisho huku ekseli ikilisukuma kwa msuguano. Hakuichukulia hataza. Ilikuwa ya bure!

Aliye na Galileoscope afungue pete za mpira, atoe bomba, alifute kwa kitambaa kikavu. Asipake grisi, kwani vumbi na unyevu wa msituni vitaigeuza tope. Likilegea, alizungushie tepu nyeupe ya mafundi bomba, mzunguko mmoja kwanza. Na anaporekebisha fokasi, alizungushe bomba kidogo huku akilivuta. Msuguano ukishavunjwa na mzunguko huo, bomba husogea polepole bila kuruka.