Toroli la Chai na Heshima ya Mgeni

Toroli la chai ni chombo cha kazi. Ni meza ndogo yenye rafu mbili, pengine tatu, na magurudumu chini, nalo hutumika kupeleka birika, vikombe na vitafunio kutoka jikoni hadi barazani. Naanza na jambo hili lililo wazi kwa sababu limeanza kusahauliwa. Wapo wenzetu, hasa sisi tuliokwisha pokea kiinua mgongo, ambao hununua toroli kuukuu kwa bei ya ng'ombe, wakalipaka vanishi na kuliegesha pembeni ya kabati, likabeba picha za mahafali na maua ya plastiki. Tangu siku hiyo halisogei hata hatua moja. Toroli la namna hiyo limebaki jina tu.

Sipingi vitu vya kale. Kwa sisi tunaoishi Mpanda, iko sababu njema ya kuvipenda. Misitu yetu ya miombo ndiyo makao ya mninga, na sote tunaona jinsi mininga minene inavyozidi kuwa mbali na barabara. Anayetengeneza meza ya zamani na kuirudisha kazini ameuacha mti mmoja usimame. Tena ubao wa zamani umekwisha kauka. Umekwisha jikunja kadiri ulivyotaka kujikunja, wala hautakuaibisha kwa kupasuka kiangazi kijacho. Hoja yangu si kwamba tusinunue, bali tujue tunachonunua, na tujue kwa nini.

Hapa mjini toroli kuukuu mara nyingi husifiwa kuwa ni "la mgodini". Reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi, na mgodi huo ukafungwa mwaka 1960. Wazungu waliokuwa wakiufanyia kazi walikuwa na nyumba, na nyumba zilikuwa na vyombo. Kwa hiyo si ajabu vyombo vingine vikabaki. Lakini ukihesabu kila kitu kinachouzwa kwa sifa hiyo, utadhani mgodi ule ulikuwa ukichimba matoroli. Sifa ya muuzaji si ushahidi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na cha magurudumu, ndugu msomaji, hujitembeza upesi zaidi.

Basi tutajuaje umri wa chombo? Vitabu vya Ulaya hufundisha kutazama alama za vifaa. Wanasema ubao wenye alama zilizonyooka ulipasuliwa kwa msumeno wa mkono, hivyo ni wa zamani, na wenye alama za mviringo ulipasuliwa kwa mashine. Kwao kanuni hiyo inafaa. Kwetu inapotosha, kwa kuwa mbao zetu nyingi zimeendelea kupasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu na mmoja chini, muda mrefu baada ya Ulaya kuacha. Fundi wa juzi na fundi wa mwaka 1950 huenda wakaacha alama zile zile. Skrubu nazo husaidia kidogo tu: yenye kichwa cha msalaba ilianza kuenea katika miaka ya 1930, kwa hiyo ukiikuta kwenye chombo kinachodaiwa kuwa cha karne ya 19, ama chombo kimefanyiwa matengenezo ama unadanganywa.

Mimi nazitegemea zaidi alama za matumizi. Mpini ulioshikwa na mikono miaka mingi huwa laini na mweusi pale tu viganja vilipofika, si kote. Rafu ya juu huwa na duara za vikombe vya moto. Geuza toroli juu chini, utazame upande ambao vanishi haikufika. Kama rangi ya ubao huko ni sawasawa na mpya, na ukingo haujachubuka popote, usilipe bei ya uzee. Kama rafu ni ya mviringo, ipime kwa kamba. Ubao husinyaa kwa upana kuliko kwa urefu, kwa hiyo duara la ubao mzima, baada ya miaka mingi, hugeuka kidogo kuwa umbo la yai. Jambo hilo ni gumu kwa mlaghai kuliiga.

Baada ya umri, pima afya. Shika pembe mbili zinazokabiliana ulitikise kama unayekamua nguo. Likilia, viungo vimelegea. Kiungo kilichochongwa vizuri, ulimi wa ubao mmoja ukiingia ndani ya tundu la mwingine, hufunguliwa na kugandishwa upya. Kilichopigiliwa misumari tu hupasua ubao kila kinapotengenezwa. Tazama matundu ya wadudu. Tundu jeusi na kavu ni habari ya zamani, lakini ukiona unga mweupe unadondoka, mdudu bado yumo, naye atahamia kwenye viti vyako. Moyo wa mninga huwashinda wadudu. Ganda lake jeupe hawaliachi. Vanishi haiponyi ubao uliobunguliwa. La kuvunda halina ubani.

Na kama limepakwa rangi, uwe na hadhari. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, madini yale yale yaliyoleta reli Mpanda. Ukiikwangua kavu kwa msasa, vumbi lake ni sumu, na wajukuu ndio huumia kwanza. Acha rangi ilivyo kama haibanduki. Kama inabanduka, usilichukue toroli hilo kwenye nyumba ya watoto.

Sasa nije kwenye magurudumu, ambayo wengi huyatazama mwisho. Toroli lenye magurudumu manne madogo kama ya kitanda cha hospitali lilikusudiwa sakafu tambarare. Nyumba zetu nyingi zina vizingiti, tena chai yetu hunywewa nje, chini ya mwembe. Alvar Aalto, msanifu wa Finland, katika miaka ya 1930 alibuni toroli la chai lenye magurudumu mawili makubwa upande mmoja na miguu upande wa pili, ukalinyanyua na kulisukuma kama toroli la mjenzi. Kwa uwanja wa Mpanda hilo lina akili kuliko mapambo yote ya shaba. Basi kabla ya kutoa fedha pima mlango wako, hesabu vizingiti, kisha omba ruhusa ulisukume likiwa na birika lililojaa maji. Muuzaji akikataa, amekwisha kujibu.

Yote hayo ni ya fundi. La mwisho ni la mwenye nyumba, nalo ndilo linalonigusa: nani atalisukuma? Katika karne ya 18 Waingereza walibuni meza za ghorofa mbili tatu wakaziita "mtumishi bubu". Waliziweka karibu na walaji ili kila mtu ajichukulie mwenyewe, na watumishi wasisimame ukutani wakisikiliza maneno ya mezani. Kwa hiyo jamaa ya chombo hiki ilizaliwa ili kumwondolea mtu kazi ya kusimama. Kilipofika huku wakati wa ukoloni mambo yakageuka. Likawepo toroli, na bado akawepo mtumishi wa kanzu nyeupe wa kulisukuma. Tumerithi toroli, na nyumba nyingine zimerithi na kanzu. Nimeona barazani wanaume watatu wameketi, toroli limesimama hatua mbili kutoka kwao, na binti anaitwa kutoka jikoni, mikono ina unga, aje kumimina chai.

Wapo watakaosema kuwa kuhudumiwa na binti ni mila, na mgeni ataona amedharauliwa akiambiwa ajimiminie. Mila ya kumheshimu mgeni naiheshimu. Binti apige goti asalimie, alete maji ya kunawa, hiyo ni adabu na sisi ndio tulioifundisha. Lakini adabu haidai asimame mlangoni saa nzima huku mazungumzo yakimpita, wala haikatazi mwenye nyumba kummiminia mgeni wake kwa mkono wake. Sinia na mikono miwili vilitutosha miaka mingi. Kama tunaongeza magurudumu, sharti mtu fulani apumzike kwa sababu yake. Asipopumzika mtu, tumenunua samani ya fahari tu.

Kwa hiyo, ukiulizwa toroli lipi ni zuri, usitaje kwanza mwaka wala mgodi. Zuri ni lile lenye viungo vilivyokaza na magurudumu yanayovuka kizingiti, ambalo likifika barazani, yule aliyepika naye hupata nafasi ya kuketi na kunywa kikombe chake kingali moto.