Kabla ya Redio, Betri

Redio tuliyoifunga kwenye pikapu ya Land Rover 109 ya mwaka 1964 ina sura ya zamani, vifundo viwili na kidirisha cha namba katikati, ila ndani ni ya leo. Kazi ilichukua siku mbili, na siku ya kwanza nzima redio ilikaa kwenye boksi lake. Tulikuwa na betri.

Land Rover za Series IIA kama hii, za miaka ile, zilitoka kiwandani chanya ya betri ikiwa imefungwa kwenye chesisi. Redio za leo zinataka hasi ndiyo iwe ethi. Wapo mafundi wanaodhani inatosha kuizungushia redio mpira isiguse chuma. Haitoshi! Wavu wa kebo ya antena umeungana na bodi ya redio upande mmoja, na madigadi upande wa pili. Ukishakaza nati ya antena, shoti imepata njia, na njia hiyo haina fyuzi.

Kwa hiyo tuligeuza gari lenyewe. Betri ikageuzwa, nyaya za koili zikabadilishana nafasi, na za mita ya ampea vilevile. Dinamo nayo lazima izoeshwe upya: injini ikiwa imezimwa, chomoa nyaya zake, kisha gusisha kwenye ncha yake ya F waya unaotoka ncha ya betri isiyo ya ethi, kwa sekunde moja tu. Cheche inaruka, sumaku ya ndani imegeuka.

Dashibodi sikukubali ikatwe, maana bati la kiwandani likishakatwa halirudi. Redio ilining'inizwa kwa mabano chini ya rafu.

Antena ya sumaku hainati hapa, kwani madigadi ni alumini. Tulitoboa, tukafunga fimbo ya sentimita 75, robo ya wimbi la FM la megahezi 100. Chini ya tundu nilikwangua rangi kwa msasa hadi alumini ikang'aa, nikaweka washa yenye meno na kupaka grisi, kwani chuma na alumini vikikutana penye unyevu, alumini huliwa.

Injini ilipowaka, redio ilipiga mluzi uliopanda kila mguu ulipokanyaga mafuta. Hiyo ni dinamo. Kapasita ya mikrofaradi 1 kwenye ncha ya D iliukata; usiifunge kwenye F, itaunguza pointi za regyuleta ya volti. Zikabaki tiki-tiki za plagi kwenye AM, nazo zikaisha tulipoweka nyaya za plagi za kaboni.