Harara Isiyo na Njia: Jinsi Titani Ilivyokatwa Burbank

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mafundi wa kampuni ya Lockheed huko Burbank, California, walipoanza kuunda kwa siri ndege ya upelelezi iliyoitwa A-12, ambayo ndiyo iliyozaa SR-71, keekee moja iliweza kutoboa matundu 17 tu katika titani kabla ya kuharibika kabisa ikatupwa. Hesabu hiyo aliiandika baadaye Clarence Johnson, mhandisi mkuu wa kazi ile, aliyejulikana zaidi kwa lakabu ya Kelly. Naye ndiye aliyeahidi dola 50 kwa mfanyakazi yeyote atakayemwonyesha jambo moja jepesi katika kuiunda ndege hiyo, fedha ambazo, kwa kauli yake mwenyewe, zilibaki mfukoni mwake. Kazi ilipokomaa, keekee moja ilikuwa ikitoboa matundu 100, kisha ikanolewa na kurejeshwa kazini. Wengi wasikiapo habari hii hudhani kwamba zilitafutwa keekee ngumu zaidi, na mambo yakaisha. Dhana hiyo ina ukweli mdogo sana.

Yafaa kwanza ijulikane kwa nini walijitia katika taabu ile. Ndege iliyokusudiwa kwenda kwa zaidi ya mara tatu ya kasi ya sauti hupashwa moto na hewa yenyewe inayoisugua, hata ngozi yake ikapita digrii 250 za Selsiasi, na penginepo zaidi sana. Katika moto huo alumini hulegea, na feleji, ijapokuwa hustahimili, ni nzito mno kupandishwa juu namna ile. Ikabaki titani, hasa aloi yake iliyochanganywa vanadi asilimia 13, kromi 11 na alumini 3. Madini yenyewe hayakupatikana ya kutosha Marekani, na sehemu ilinunuliwa kwa mlango wa nyuma kutoka Urusi, nchi ile ile ambayo ndege hiyo iliundwa kuipeleleza. (Wasomaji wa pwani watakumbuka kwamba mchanga wenye titani ulichimbwa Kwale na kusafirishwa kwa meli kutoka Likoni tangu 2014 hadi machimbo yalipofungwa mwishoni mwa 2024, illa sehemu kubwa ya titani ya dunia haifiki karakana yoyote ya chuma, bali huishia kuwa rangi nyeupe ya kupakia kuta.)

Sasa tuje kwenye ncha ya keekee. Kila fundi akatapo, nguvu ya mashine hugeuka harara pale pale makali yanapokutana na madini, na harara hiyo haina pa kwenda ila mahali patatu: katika maranda yanayoondoka, katika kipande kinachokatwa, au katika chombo chenyewe kinachokata. Feleji ya kawaida hupitisha harara vizuri, kwa hiyo mzigo hugawanyika. Lakini aloi za titani hupitisha takriban sehemu moja tu ya saba ya kiasi hicho, mfano wa mwiko wa mti ambao ukikaa chunguni hata uji uchemke haumchomi mpishi mkononi. Fauka ya hayo, randa la titani ni jembamba, nalo hugusa chombo katika ukanda mwembamba mno ulio karibu kabisa na makali, hata harara na mgandamizo vikakusanyika penye nyama chache zaidi. Wataalamu hukadiria kwamba hata asilimia 80 ya harara yote huingia katika chombo. Feleji ya kasi, ambayo ndiyo iliyotengenezewa keekee nyingi za wakati ule, huanza kupoteza ugumu wake ifikapo karibu na digrii 600. Baada ya hapo makali hayachakai polepole, huanguka kwa ghafula.

Kwa hiyo titani haitishi kwa ugumu. Iko feleji iliyopikwa ikazimwa, ambayo kwa kipimo cha ugumu yaipita titani mbali sana, na bado mkereza wa leo huikata kwa mwendo mkubwa kuliko authubutuo katika titani, akitumia ncha ya naitraidi ya boroni yenye fuwele za umbo la mchemraba, kitu ambacho Robert Wentorf wa General Electric alikiunda mwaka 1957 na ambacho kilianza kuuzwa mwaka 1969. Mtu akiichukua ncha hiyo hiyo ya thamani kubwa akaitia katika titani kwa kudhani kwamba kishindacho kigumu hushinda vyote, atapata hasara. Kauri nazo, ambazo hukata aloi za nikeli za injini za ndege kwa mwendo wa ajabu, hapa huliwa upesi, kwa sababu titani yenye moto ina tabia ya kushikamana na kuungana na karibu kila kinachoigusa. Hata kabaidi hubaguliwa: ile iliyotiwa kabaidi ya titani ili kukata feleji haifai, maana jamaa huyeyukia jamaa yake, ifaayo ni kabaidi ya tungsteni tupu iliyoshikanishwa kwa kobalti, yenye makali yaliyonolewa vikali na kuelekezwa mbele ili yakate badala ya kusukuma.

Chombo kikiisha kuchaguliwa, huja swali la mwendo, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, kazi huharibika au kutengenea. Mwaka 1906 Frederick Taylor, baada ya miaka 26 ya majaribio yaliyogeuza zaidi ya ratili 800,000 za chuma kuwa maranda, aliwaeleza wahandisi wenzake wa Marekani kanuni ya kwamba maisha ya makali hupungua kwa kasi kubwa mno kuliko mwendo unavyoongezwa. Kwa feleji ya kasi, ukiongeza mwendo kwa sehemu moja ya kumi, maisha ya makali hupungua hata kufikia nusu. Katika feleji laini fundi anaweza kulipuuza jambo hilo na asione madhara makubwa, kwani ana nafasi ya kutosha chini ya kikomo cha harara. Katika titani hana nafasi hiyo. Kabaidi huendeshwa kwa mita 50 hivi kwa dakika, na feleji ya kasi kwa kiasi kidogo zaidi sana, ilhali alumini hukatwa kwa mamia ya mita bila ya wasiwasi.

Lakini kupunguza mwendo si kupunguza ukataji, na hapa mafundi wengi hukosea kwa kuogopa. Mwendo wa kuzunguka ndio unaoleta harara; kina cha kung'ata kwa kila mzunguko huileta kwa uchache zaidi. Basi sharti keekee izunguke taratibu na ing'ate kwa nguvu isiyokatika, isiachwe hata kidogo ikisugua bila ya kukata, kwani titani hunepa takriban mara mbili ya feleji, na ikisukumwa na makali butu hujirudisha nyuma, kisha ikarudi kuyasaga. Fundi yeyote wa kwetu aliyewahi kutoboa stenlesi kwa biti iliyochoka, akaona tundu limeng'aa na biti haiingii tena, amekutana na binamu wa tatizo hili, ingawa kule sababu ni nyingine: stenlesi hukazana inaposuguliwa. Keekee nayo yapasa iwe fupi na nene kadiri tundu linavyoruhusu, mashine isitikisike, na mafuta ya kukatia yafike kwenye makali yenyewe, kwani yakiishia mdomoni mwa tundu hayapoozi kitu.

Ndivyo walivyofanya Burbank. Hawakupata keekee ya miujiza. Waliunda mashine mpya za kutoboa, vichwa vipya vyenye nguvu vya mashine za kukatia, na mafuta mapya ya kukatia, vyote pamoja, kwa kuwa kimoja kisingefaa bila ya vingine.

Mintarafu ya mafuta na maji, iko sehemu ya kisa ambayo naiona ya ajabu kuliko yote. Vipande vya bawa vilivyounganishwa kwa kulehemu wakati wa kiangazi viliharibika mapema, ilhali vile vya wakati wa baridi vilidumu; ikachunguzwa hata ikabainika kwamba mji wa Burbank ulikuwa ukitia klorini nyingi majini wakati wa kiangazi ili kuzuia mwani, na klorini, ikikutana na titani itakayopashwa moto, huipasua. Wakaanza kuosha kwa maji yaliyotoneshwa. Boliti nazo zilikuwa zikikatika vichwa baada ya kupashwa moto mara moja au mbili. Msiba huo ukafuatwa nyuma hadi kwenye spana zilizopakwa kadimi, ambazo mguso wake tu ulitosha kuitia titani sumu, na masanduku ya vyombo yakapekuliwa yote zikaondolewa. Kwa hiyo mtu achaguaye chombo cha kukatia titani hachagui makali peke yake. Mafuta yenye klorini, ambayo kwa feleji nyingi ni msaada mkubwa, hapa hukata vizuri leo na kuvunja kesho.

Walakini pako mahali ambapo hikima yote ya kukata haikuokoa kitu. Mashinikizo makubwa kuliko yote yaliyokuwapo Marekani ya kufulia madini yalikuwa ya tani 50,000, nayo hayakuwa na nguvu ya kuifua titani ile mpaka ikaribie umbo linalotakiwa. Pande lililotoka shinikizoni lilikuwa nene kupita kiasi, na tofauti iliyobaki ilikuwa haina budi kukatwa. Johnson alieleza kwamba asilimia 90 ya madini yaliyoingia katika vipande hivyo iliondolewa ikawa maranda. Kila ratili kumi zilizonunuliwa kwa fedha nyingi na kwa siri kubwa, tisa zilikatwa kwa mwendo ule wa polepole, na maranda yake yalikuwa mali ya kuangaliwa kwa hadhari, kwa kuwa titani nyembamba ikishika moto, maji yakimwagwa juu yake huuchochea moto huo, nao huzimwa kwa mchanga mkavu. Keekee ya matundu 100 haikuweza kuipunguza hesabu hiyo hata kwa ratili moja. Dawa yake ilikuwa shinikizo lenye nguvu mara kadhaa zaidi, na shinikizo hilo halikuwapo.