Waliokopa Mchoro, Wakapata Sauti Yao

Amplifaya iliyokuja kuwa sauti ya gitaa la roki ilianza kwa kunakili. Mwaka 1962 Jim Marshall, mpiga dramu na mwalimu wa dramu, alikuwa na duka la vyombo vya muziki Hanwell, magharibi mwa London. Wapiga gitaa walikuwa wakija kuulizia amplifaya za Fender za Marekani, nazo bei yake ilikuwa kali kwa kijana wa Kiingereza. Fundi wake Ken Bran, pamoja na kijana Dudley Craven aliyetoka EMI, wakachukua Fender Bassman, amplifaya iliyokusudiwa gitaa la besi, wakaufuata mchoro wake karibu waya kwa waya. Pale ambapo kifaa cha Kimarekani hakikupatikana, au kilipatikana kwa bei isiyolipika, wakaweka cha kwao. Mashine iliyotoka wakaiita JTM45. Mchoro ulikuwa uleule, lakini haikulia kama Bassman.

Sababu za tofauti hiyo ndizo ninazozipenda kuliko jambo lolote katika ufundi huu. Ndizo pia zinazonifanya nisiridhike na namna watu wanavyoshindanisha amplifaya kongwe na zile mpya zinazoundwa kwa mkono, moja baada ya nyingine, na mafundi wadogo wa Marekani na Ulaya.

Tuanzie pale gitaa linapoingilia. Katika Bassman ya mwishoni mwa miaka ya 1950, ile ambayo mchoro wake unajulikana kwa namba 5F6-A, valvu ya kwanza ni 12AY7. Ni valvu pole, yenye uwezo wa kukuza wa kama 44. Watu wa Hanwell waliweka ECC83, ambayo uwezo wake ni kama 100. Kwa badiliko hilo tu valvu zinazofuata zinalemewa mapema, na sauti inaanza kukwaruza wakati mpiga gitaa bado hajafungua hata nusu ya kitufe. Halafu kuna spika. Fender alitumia Jensen nne za inchi 10 katika kasha lililo wazi mgongoni, hivyo sauti inatoka mbele na nyuma na kuenea ukumbini. Marshall alichagua Celestion nne za inchi 12 ndani ya kasha lililozibwa, na sauti yote ikasukumwa mbele, nzito, inayopiga kifuani.

Lakini kinachonistaajabisha zaidi ni waya mmoja. Katika saketi hii kuna njia inayochukua sehemu ya sauti kutoka upande wa spika na kuirudisha ndani kupitia rezista ya ohm 27,000, ili mashine ijisikie yenyewe na kujituliza. Spika nne za Bassman zilifungwa sambamba, jumla ohm 2, na waya ulianzia hapo. Kasha la Kiingereza lilikuwa la ohm 16, na waya wa JTM45 ukachukuliwa penye ohm 16, ambapo kwa nguvu ileile volteji ni karibu mara tatu. Rezista haikubadilika, mchoro haukubadilika, lakini kiasi kinachorudi kikabadilika, na tabia ya amplifaya nzima ikabadilika nacho. Hakuna aliyekaa mezani akapanga iwe hivyo. Ilitokana na spika zilizokuwapo.

Leo Fender mwenyewe naye alianza kama fundi redio. Mwaka 1938 alifungua duka la kutengeneza redio Fullerton, California, na saketi zake za mwanzo zilifanana sana na zile ambazo watengenezaji wa valvu kama RCA walizichapisha katika vitabu vyao ili mafundi wazitumie. Kwa hiyo anayetafuta amplifaya iliyozuka bila mzazi atatafuta sana. Kila moja ina mkono uliokopa na mkono uliokosa kitu, na penye kukosa ndipo sauti mpya ilipotokea.

Ndiyo maana kibanda cha fundi redio wa Lalago, wilayani Maswa, mkoani Simiyu, hakiniingii akilini kama mahali palipo mbali na habari hii. Lalago ni senta ya wakulima wa pamba, kwenye njia ya kwenda Mwanhuzi. Fundi ninayemfahamu pale, ambaye vijana humwita mzee ingawa umri wake haujafika huko, hutengeneza simu, sabufa na redio za sola, na akipata nafasi hujenga amplifaya kuanzia sifuri. Hatumii valvu. Anatumia jozi za transista C5200 na A1943 kwa kazi kubwa, na TDA2030 pale mteja anapotaka kitu kitakachotembea kwa betri ya volti 12. Makasha ya spika anayakata mwenyewe, na kabla ya kuyafunga huyagonga kwa kifundo cha kidole, ubao kwa ubao, akisikiliza uliolegea.

Kazi yake ina msimu. Pamba ikishauzwa na ngoma kuanza, wenye vikundi humjia. Usukumani, katika mashindano ya Bagika na Bagalu, vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja uleule, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji upande wake. Manju wa zamani alivuta watu kwa tungo, kwa dawa na kwa koo lake. Manju wa leo akishika kipaza sauti, na pembeni pana gitaa na kinanda, fundi wa amplifaya ameingia mashindanoni naye. London mambo hayakuwa tofauti. Mwaka 1965 Pete Townshend na John Entwistle wa bendi ya The Who walimwendea Marshall wakitaka mashine yenye sauti kubwa zaidi, na amplifaya za wati 100 zikazaliwa kutokana na madai ya namna hiyo.

Sasa nije kwenye ushindani wenyewe, kongwe dhidi ya mpya. Mwenye Bassman ya 1959 leo anamiliki kitu ambacho Fender hakukiuza. Kapasita kubwa za kuchujia umeme hukauka ndani na hubadilishwa kila baada ya miaka. Rezista za kaboni za zamani hupanda thamani taratibu kwa joto na unyevu. Iliyoandikwa ohm 100,000 unaweza kuipima ukakuta 120,000. Karatasi za spika zimelainika kwa kutikiswa miongo sita. Valvu zimeshabadilishwa, nazo hazitoki tena Uingereza wala Marekani kama zamani. Nyingi sasa ni za Urusi, Slovakia na China. Zaidi ya hapo, mashine mbili zilizotoka kiwandani wiki moja hazikulia sawa hata zikiwa mpya, kwa sababu vifaa vya wakati ule viliruhusiwa kupotoka kwa asilimia 10 au hata 20.

Anayetaka kuinakili leo ana swali gumu la kujibu kabla hajashika chuma cha solda. Ananakili mashine ilivyokuwa siku iliponunuliwa, au ilivyo baada ya kuzeeka? Mark Baier, aliyeanzisha Victoria huko Illinois, ameshughulika kwa miaka mingi na Fender zilizovikwa kitambaa cha rangi ya manjano, akifunga kila kifaa kwa mkono juu ya ubao wa vijishimo kama walivyofanya wanawake wa kiwanda cha Fullerton. Naiheshimu kazi hiyo kuliko inavyosifiwa kwa kawaida. Kurudia jambo la mwingine kwa uaminifu kunahitaji kuzuia mkono wako usiboreshe kitu, na fundi mwenye akili huona mahali pa kuboresha kila dakika.

Wengine hawakuzuia mkono. Mark Sampson na wenzake wa Matchless, tangu 1989, walianzia kwenye Vox AC30, amplifaya ya Kiingereza iliyobuniwa na Dick Denney, lakini wakaijenga kwa uimara ambao Vox wenyewe hawakuwahi kuufikia. Ken Fischer wa New Jersey, aliyewahi kufanya kazi Ampeg na akafariki mwaka 2006, alijenga Trainwreck chache sana, kila moja akaipa jina la mwanamke badala ya namba. Fischer aliamini kwamba urefu wa waya, aina yake na mahali unapopita ndani ya kasha vina sauti. Aliweza kusogeza waya kidogo, akasikiliza, akausogeza tena. Wahandisi wengi huona hayo kuwa ya kupita kiasi, lakini katika saketi yenye ukuzaji mkubwa namna ile nyaya mbili zinazokaribiana kweli huambukizana, na sikio lililozoea huligundua hilo kabla ya kipimo.

Kwa Alexander Dumble, aliyefariki 2022, moyo wangu unagawanyika. Amplifaya zake zinauzwa kwa bei ya nyumba, na waliozipiga wanazisifu bila kusita. Lakini alizoea kuimwagia sehemu ya saketi gundi ngumu ili asiyetakiwa asione ndani. Uzuri wa amplifaya hizi kwangu uko katika kufunguka kwake: unageuza chesisi, kila kifaa kimesimama mahali pake, unafuata sauti kwa kidole kutoka tundu la gitaa hadi transfoma. Kilichoharibika kinajulikana, kinatolewa, kinawekwa kingine. Gundi inamfungia nje mtu wa Lalago, na pia fundi atakayezaliwa miaka hamsini ijayo.

Muziki wetu wa dansi umeishi kwa kufunguka huko. Tangu bendi ya NUTA Jazz ilipoundwa 1964, vyombo vya bendi nyingi kubwa vilikuwa mali ya jumuiya, mashirika na majeshi, wala si mali ya wapigaji. Fedha za kigeni zilipokuwa adimu, amplifaya iliyoungua haikuwa na mbadala dukani. Wanamuziki wa zamani bado huzitaja Ranger za FBT, kiwanda cha Recanati nchini Italia, kwa sauti ya watu wanaomkumbuka mwenzao wa safari. Zilipakiwa kwenye malori, zikapigwa vumbi hadi mikoani, zikaunganishwa kwenye umeme unaopanda na kushuka, na usiku uleule gitaa la solo lilitakiwa lilie safi, kila noti ikisikika peke yake juu ya ridhimu na besi. Ukisikiliza rekodi za Redio Tanzania za Morogoro Jazz au za Mlimani Park, gitaa lile jembamba linalong'aa ni la Mbaraka Mwinshehe na la akina Michael Enoch kweli. Lakini nyuma yao palikuwa na mafundi ambao majina yao hayakutangazwa, waliobadilisha kapasita kwa ile iliyotolewa kwenye redio mbovu. Naamini sehemu ya sauti tunayoiita ya zamani ni kazi ya matengenezo yao.

Fundi wangu wa Lalago nilimpelekea mchoro wa 5F6-A uliochapwa, kwa sababu aliwahi kuniuliza valvu zilikuwaje. Aliusoma kimya, kisha akaweka kidole kwenye volti zaidi ya 400 zinazokwenda kwenye valvu za mwisho, akasema, "Hii inaua, kaka." Ni kweli, na kapasita zake hubaki na umeme hata mashine ikiwa imechomolewa. Hata hivyo aliamua kuijenga. Akatengeneza kwanza kijiti chenye rezista cha kuzimwagia umeme huo, na ubao wa taa ya kujaribia, ambapo balbu hufungwa kwenye njia moja na mashine ili kosa likiwapo balbu iwake badala ya transfoma kuungua. Sijamwona akianza kwa pupa kazi yoyote, na hii ameianza kwa utaratibu zaidi.

Ameshaamua mambo kadhaa. Transfoma ya umeme hatatafuta ya Kimarekani, kwa kuwa ile ilipigiwa hesabu ya volti 117 na mizunguko 60, na chuma chake kingepata joto zaidi kwenye mizunguko 50 ya kwetu. Atafunga ya volti 230 mwenyewe, na kuacha nafasi kwa ajili ya umeme unaoshuka jioni. Valvu za mwisho zitakuwa EL34, kwa kuwa ndizo anazoweza kuagiza Dar es Salaam bila kubahatisha. Ya kwanza itakuwa ECC83, kwa sababu hiyohiyo. Kasha atalifanya la mninga.

Kilichomchukua muda mrefu ni transfoma ya kutolea sauti, ile inayosimama kati ya valvu na spika. Ukizungusha waya wote wa upande wa valvu kwanza, kisha wa upande wa spika juu yake, sauti za juu hupotea njiani. Inabidi ugawe waya katika tabaka: waya mwembamba kidogo, karatasi, waya mnene, karatasi, mwembamba tena, huku ukihesabu kila mzunguko na nusu mbili zikilingana. Anazungusha kwa mkono, kwa mashine aliyoiunda kutokana na gia za baiskeli na kihesabio alichokitoa kwenye kinasa sauti cha kaseti. Ya kwanza aliifumua yote kwa sababu nusu moja ilizidi nyingine. Ya pili imefika tabaka la tatu, na spika atakazozifunga, alizozitoa kwenye kasha la kanisa lililostaafishwa, ni mbili za inchi 12, ohm 8 kila moja. Bado hajaamua azifunge sambamba au mfululizo, na ameniambia waya wa kurudisha sauti ataupima kwa sikio, mpiga gitaa akiwa amekaa palepale.