Picha ya Mshabiki katika Matamasha ya Roki

Wahenga walisema kuwa asiyekuwapo na lake halipo. Kwa muda mrefu msemo huu ulikuwa kweli tupu katika mambo ya ngoma na nyimbo. Ngoma ikisha kulia, aliyeikosa alikuwa ameikosa, na aliyehudhuria alibaki na masimulizi yaliyozidi kutiwa chumvi kila mwaka. Kamera iliiharibu desturi hiyo. Picha ya tamasha hupigwa kwa ajili ya asiyekuwapo, hata pale mpigaji anapodhani anajipigia mwenyewe. Maana miaka kumi baadaye hata yeye huwa si mtu yule aliyesimama mbele ya jukwaa usiku ule. Kwa sababu hiyo yafaa picha hizi zipimwe kama ushahidi upimwavyo. Shahidi huyu alisimama wapi? Aliona nini? Tena, katika aliyoyaona, ni lipi ambalo wenye tamasha hawakumpangia alione?

Swali la mwisho ndilo zito. Tamasha kubwa la muziki wa roki ni kazi ya mafundi wengi: wa taa, wa moshi, wa fataki, wa mapazia na wa viwambo vya picha. Kila mwanga umepangiwa dakika yake. Mshabiki ainuaye kamera mbele ya fahari hiyo yumo katika hatari ya kunakili kazi ya mtu mwingine na kuiita yake. Hatari hiyo haikuanza jana, lakini imekuwa ikikua kwa kadiri majukwaa yalivyokua.

Mfano bora wa mshabiki aliyeipona ni kijana Ed Caraeff. Alikuwa na umri wa miaka 17, mwanafunzi wa shule ya sekondari, alipokwenda na kamera yake katika tamasha la Monterey, California, lililofanywa tarehe 16 hadi 18 Juni 1967. Husimuliwa kwamba alikuwa hajapata kumsikia Jimi Hendrix, na kwamba mpiga picha mwingine, Mjerumani, ndiye aliyemshauri abakize filamu kwa ajili ya mtu huyo. Usiku wa tarehe 18 kijana alisimama juu ya kiti, ukingoni kabisa mwa jukwaa. Hendrix alipofika mwisho wa onyesho lake alililaza gita chini, akalimwagia mafuta, akalitia moto. Kijana alikuwa amebakiwa na nafasi moja katika filamu yake. Aliitumia.

Picha hiyo imeonwa na watu wengi mno duniani, na pengine kwa sababu hiyo ni wachache wanaoitazama. Hendrix amepiga magoti. Gita linawaka mbele yake, na mikono yake imeinuka juu ya ndimi za moto, vidole vimetanuka, kama mganga auitaye moto uje juu zaidi. Mambo mawili huifanya picha hii iwe na nguvu. La kwanza ni kiti. Aliyekaa mbali aliona mwako mdogo jukwaani na mtu mdogo nyuma yake. Aliyekuwa chini, mbele ya jukwaa, aliona mbao na viatu. Kiti kilimpandisha kijana hadi akalingana na mtu aliyepiga magoti, karibu kiasi cha kuhisi joto. Inasemwa kuwa kamera aliyoishika usoni ndiyo iliyokuwa ngao yake. La pili ni uchache wa filamu. Mwenye picha mia za kupiga angalipiga gita likiwashwa, likiwaka, likivunjwa, na vipande vyake vikitupwa kwa watu. Mwenye moja sharti achague.

Ubora wa chaguo hilo huonekana ukilinganishwa na filamu ya sinema ambayo D. A. Pennebaker aliitengeneza juu ya tamasha hilo, ikatolewa mwaka 1968. Katika sinema, moto ni hatua moja katika mfululizo wa vurugu: mtu anawasha, anapiga, anavunja, anatupa. Mtazamaji hutoka akisema kuwa ameona wazimu uliofanywa kwa ustadi. Katika picha ya kijana hakuna kuvunja. Kuna magoti na mikono, basi. Moja ya kazi hizi huonyesha uharibifu na nyingine huonyesha sadaka, na zote mbili ni za kweli kwa dakika zake. Lakini sinema ilikuwa na kamera kadhaa na watu wa kuziendesha. Kijana alikuwa na macho mawili na kiti.

Mwaka 1987 gazeti la Rolling Stone liliitia picha hiyo rangi na kuiweka katika jalada lake. Rangi zilikusudiwa kuipamba, nazo ziliipunguza. Katika nyeusi na nyeupe moto hauna rangi ya moto. Ni weupe mtupu unaopanda kutoka katika kitu cheusi, na jicho hulazimika kuukisia. Moto ukipakwa rangi ya machungwa huwa moto wa jikoni.

Hapa yafaa kusema neno juu ya kazi yenyewe, kwa kuwa wasiopata kuijaribu hudhani kuwa ni kubonyeza kidude tu. Filamu ya siku zile ilichukua picha 36, na iliyopendwa sana gizani, Kodak Tri-X, ilikuwa na wepesi wa 400. Mpiga picha aliyekosa mwanga alilazimika kuihesabu kama ya 800 au 1600, kisha kuizidisha muda katika dawa ya kusafishia. Malipo yake yalikuwa chengachenga zinazoonekana kama mchanga na vivuli visivyo na kitu ndani. Kipima mwanga hudanganyika jukwaani, kwa maana huona giza kubwa lililouzunguka uso mmoja uliomulikwa, kikadhani pote ni giza, na uso hutoka mweupe kama karatasi. Taa nyekundu hufuta mikunjo yote ya uso. Tena wanamuziki hawatulii.

Katika shida hizi mshabiki ana hazina moja ambayo mpiga picha wa mshahara huenda asiwe nayo: anazijua nyimbo. Anajua kuwa baada ya ubeti wa tatu gita litanyamaza, na kwamba katika kimya hicho mwimbaji huinua kichwa na kutulia nusu sekunde. Anajua pigo la ngoma ambalo mpiga gita huliruka nalo. Aliyetumwa na gazeti bila ya kuujua muziki huifuata miondoko baada ya kutokea, mshabiki huitangulia. Huu ni ujuzi wa sikio unaoongoza jicho, na wahakiki wa picha hawajaupa heshima yake.

Baadaye ilikuja kanuni ambayo sasa hufuatwa mahali pengi: wapiga picha wa magazeti huruhusiwa kukaa mbele ya jukwaa kwa nyimbo tatu za mwanzo tu, bila ya taa ya kamera, kisha hutolewa. Sababu zake zinafahamika. Mwanamuziki hataki kumulikwa machoni usiku kucha, wala hapendi aonekane amelowa jasho na nywele zimemlala. Lakini tazama kinachopotea. Gita la Hendrix liliwaka mwishoni. Picha nyingine mashuhuri ya roki, ya Paul Simonon wa bendi ya The Clash akilipiga chini gita lake la besi katika ukumbi wa Palladium mjini New York, Septemba 1979, nayo haikupigwa katika nyimbo tatu za mwanzo. Simonon mwenyewe alieleza baadaye kuwa alikasirika kwa sababu walinzi waliwakataza watu kusimama katika viti vyao. Hasira ya namna hiyo haitoki katika wimbo wa pili. Huhitaji muda wa kuiva.

Aliyeipiga picha hiyo, Pennie Smith, alikuwa mpiga picha wa kazi na si mshabiki wa viti vya nyuma. Lakini alikuwa amesafiri na bendi hiyo, na usiku ule alikuwa bado papo hapo onyesho lilipokuwa linakwisha. Simonon alikuwa akimjia, naye alirudi nyuma huku akipiga. Picha ikatoka na ukungu. Yeye mwenyewe hakutaka itumiwe, kwa kuwa aliihesabu kuwa na kosa. Joe Strummer na mchoraji Ray Lowry ndio walioshikilia kuwa iwe jalada la santuri ya London Calling, iliyotolewa Desemba 1979. Walikuwa na haki wao kuliko yeye. Ukungu ule ni alama ya miguu ya mpiga picha: unamwambia asiyekuwapo kuwa hapa palikuwa na mtu aliyelazimika kukimbia. Mwaka 2002 gazeti la Q la Uingereza liliitaja kuwa picha bora kuliko zote za muziki huo, jambo ambalo halithibitishi kitu, ila kwamba watu huthamini kosa la aina hiyo kuliko usafi.

Sasa mambo yaligeuka kwa upande mwingine. Mwaka 1980 bendi ya Pink Floyd ilianza maonyesho yake ya The Wall, yaliyofanywa mara 31 hadi 1981 katika Los Angeles, Uniondale huko New York, London na Dortmund. Wafanyakazi walijenga ukuta wa matofali ya karatasi ngumu, wenye urefu wa kwenda juu wa meta 12 hivi, wakati muziki ukiendelea, hata sehemu ya kwanza ilipokwisha wanamuziki wakawa wamefichika kabisa. Juu ya ukuta huo zilimulikwa picha za Gerald Scarfe zinazotembea. Mshabiki aliyeingiza kamera chini ya koti alipata nini? Alipata ukuta, na juu ya ukuta picha zilizokwisha kuchorwa na mtu mwingine. Ubunifu wa onyesho lile ulikuwa wa ajabu, na haukumwachia mpiga picha kazi yoyote. Isipokuwa ageuze kamera yake na kuwapiga watazamaji, nyuso zao zikiwa zimeangaziwa na ukuta. Wachache walifikiri hivyo.

Mmoja wa wasanifu wa jukwaa lile, Mark Fisher, ndiye aliyefanya pia, pamoja na Willie Williams, jukwaa la bendi ya U2 lililozunguka dunia tangu Juni 2009 hadi Julai 2011. Lilikuwa na miguu minne na kimo cha meta 50 hivi, na chini yake kulikuwa na kiwambo cha duara kilichoweza kurefuka na kufupika. Maonyesho yalikuwa 110, na waliokwenda walipita milioni 7. Kufikia wakati huo mikononi mwa watu kulikuwa na simu zenye kamera. Yamkini hakuna jengo la muda lililopigwa picha mara nyingi hivyo katika miaka ile miwili. Na bado mtu akizitazama picha za washabiki hawa, za mji huu na za mji ule, huona karibu picha moja. Jitu la chuma lenye miguu minne, mwanga wa buluu, na chini kabisa nukta nne ambazo ni wanamuziki. Mpiga picha wa kweli wa picha hizo zote ni msanifu. Washabiki walimsaidia kuzitoa nakala.

Wako wanamuziki waliochoshwa na simu hizo. Jack White, kwa mfano, mwaka 2018 alitaka watazamaji wake wafungiwe simu katika mifuko maalumu mpaka onyesho liishe, na akawaahidi kuwa mpiga picha wake mwenyewe angetoa picha baadaye. Nusu ya neno lake ni haki. Aliyesimama nyuma ya mikono elfu iliyoinuliwa hakulipa nauli na kiingilio ili atazame viganja vya wenzake. Lakini nusu ya pili ina ila kubwa: ni sawa na mshtakiwa kujichagulia shahidi. Picha za mpiga picha wa bendi huwa nzuri, mara nyingi nzuri kuliko za mshabiki yeyote, na zitaonyesha lile ambalo bendi imeridhia. Kama kanuni hiyo ingalikuwapo Monterey, yule kijana angalishushwa kitini.

Kwa watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki suala hili lina mkono wa karibu. Farrokh Bulsara, aliyejulikana baadaye kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, na jamaa zake waliondoka mwaka 1964. Bendi yake, Queen, haikupata kupiga Zanzibar hata siku moja. Tangu 2019 iko nyumba ya makumbusho yake Shangani, na wageni huja kumtazama ukutani. Kwa hiyo, kwa mji aliozaliwa, kazi yake ya jukwaani ipo kwa ushahidi wa kamera tu.

Queen walikuwa mabingwa wa fahari: taa nyingi, moshi, mavazi. Hata hivyo onyesho lao linalokumbukwa kuliko yote ni lile la Live Aid katika uwanja wa Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985, mbele ya watu wapatao 72,000, nalo lilikuwa la dakika ishirini hivi, jua halijatua, katika jukwaa lililotumiwa na wengine wote. Taa zao hazikuwapo za kuwasaidia. Mwanga wa mchana hauna msanifu. Humwangukia mwimbaji, na nguzo, na mtu wa safu ya arubaini kwa usawa. Ndiyo maana picha za siku ile, hata zile zilizopigwa kwa mbali na mikono isiyo na ujuzi, hazifanani kama zinavyofanana za lile jitu la miguu minne. Mtu wa Unguja asimamaye mbele ya picha ya namna hiyo hawezi kuisikia sauti. Anachoweza kukipima ni fulana nyeupe isiyo na mikono, mishipa ya shingo iliyokaza, mkono ulionyooshwa, na kile kipande cha fimbo ya kipaza sauti kisicho na mguu.